Ishara, Jina na Neno: Rimoti ya Infraredi katika Mstari wa Amri na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Rimoti ni miongoni mwa vyombo vinavyoshikwa kila siku na kufikiriwa kwa nadra. Mtu huielekeza kwenye televisheni, kiyoyozi au king'amuzi, hubonyeza, na kazi hufanyika. Kenya huitwa pia kitenzambali, na mjadala wa wanaisimu kuhusu chombo hiki kwa kawaida huishia hapo: lipi lipendelewe kati ya neno la mkopo na neno la kuundwa.

Mhadhara huu unakiangalia chombo hicho mahali ambapo hakiwezi kutumiwa bila kufikiriwa, yaani pale kinapotakiwa kuiongoza kompyuta inayoendeshwa kwa mstari wa amri. Hapo hakuna menyu ya kuchagulia wala picha ya kubofya. Mtumiaji huandika amri, husoma jibu, na huamua mwenyewe kila kitufe kiwe na maana gani.

Suala lililo nyuma ya mfano huu ni zito kuliko rimoti yenyewe. Wapo wanaokubali kwamba Kiswahili kinafaa kwa menyu na barua, lakini wanashikilia kwamba ngazi ya ndani ya kompyuta haielezeki kwa lugha hii. Matokeo ya imani hiyo yanaonekana kwa mwanafunzi anayenakili amri kutoka mahali fulani, akaibandika kama hirizi, na ikikataa kufanya kazi hana hata lugha ya kuulizia swali lake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kikwazo hakiko katika uchache wa maneno. Kiko katika kuchanganya vitu vitatu vinavyopaswa kutenganishwa: ishara, jina na neno.

2.0 Ishara

Rimoti nyingi hutuma miale ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940. Jicho la binadamu hukoma kuona karibu na nanomita 700, kwa hiyo mwale huo hauonekani. Kamera za simu nyingi, hasa za mbele, huuona: rimoti ikielekezwa kwenye kamera na kitufe kubonyezwa, nukta ya mwanga mweupe au wa zambarau humetameta kwenye kioo. Jaribio hilo la sekunde chache hutosha kutambua kama rimoti ni zima au betri zake zimekwisha.

Mwale huo hauwaki mfululizo. Huwaka na kuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde, ili kipokezi kiweze kuutofautisha na joto la jua na mwanga wa taa za chumbani. Juu ya mpwito huo ndipo ujumbe hupangwa, kwa kufuata itifaki. Neno hili, ambalo wasomaji wa Kiswahili wamelizoea katika habari za mikataba ya kimataifa na hafla za viongozi, linafaa hapa bila kupindwa, kwa kuwa itifaki ni makubaliano kati ya pande mbili kuhusu namna ya kuelewana.

Itifaki iliyoenea sana ni ile iitwayo NEC. Ujumbe wake huanza na mwanga wa milisekunde 9, ukifuatiwa na kimya cha milisekunde 4.5. Kisha hufuata biti 32. Kila biti huanza na mpigo mfupi wa mwanga wa takriban milisekunde 0.56. Mpigo huo ukifuatwa na kimya cha urefu uleule, biti ni 0. Ukifuatwa na kimya cha takriban milisekunde 1.69, biti ni 1. Mpigo wenyewe haubadiliki. Kinachotofautisha 0 na 1 ni urefu wa kimya.

Mwanafunzi wa isimu atatambua hapa jambo alilolisoma katika fonolojia. Fonimu /p/ na /b/ hazina maana zenyewe, lakini kubadilishana nafasi kwao huitenganisha pata na bata. Vivyo hivyo, biti moja ya rimoti haina maana yoyote, ilhali biti 32 zikipangwa kwa utaratibu huitambulisha amri moja miongoni mwa amri nyingi.

Ufanano huo unaendelea katika suala la ziada ya taarifa. Kati ya biti 32 za NEC, nane ni anwani ya kifaa, nane ni kinyume cha anwani hiyo, nane ni namba ya kitufe, na nane za mwisho ni kinyume cha namba hiyo. Palipo 0 katika nusu ya kwanza, nusu ya pili ina 1. Kipokezi hulinganisha nusu hizo mbili, na zisipokubaliana hutupa ujumbe wote. Mtu anaweza kudhani kwamba kurudia huko ni upotevu. Lakini izingatiwe sentensi "Vitabu vyangu viwili vimepotea". Wingi umetajwa mara nne, katika nomino, kimilikishi, idadi na kitenzi. Msikilizaji aliyekosa silabi moja kwa sababu ya kelele za soko bado anajua kwamba kilichopotea si kitabu kimoja. Upatanisho wa kisarufi, pamoja na kazi zake nyingine, hulinda ujumbe kama kinyume cha biti kinavyoulinda katika NEC.

Itifaki ya RC-5, iliyobuniwa na kampuni ya Philips, inaonyesha tatizo jingine. Ujumbe wake una biti 14, na biti ya tatu hubadilika kila kitufe kinapobonyezwa upya. Kazi yake ni kutofautisha mtu aliyekibonyeza kitufe cha 1 mara mbili, akitaka chaneli ya 11, na mtu aliyekibonyeza mara moja na kuchelewa kukiachia. NEC hutatua tatizo hilohilo kwa njia tofauti: kitufe kikiendelea kushikiliwa, rimoti hairudii ujumbe wote, bali hutuma alama fupi ya marudio kila baada ya takriban milisekunde 108. Haja ni moja na itifaki ni mbili, kama lugha mbili zinavyoweza kueleza wakati uliopita kwa sarufi zisizofanana.

3.0 Jina

Ishara ikishafika kwenye kompyuta, bado haijasema lolote. Ichukuliwe kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye mfumo endeshi wa Linux, iliyounganishwa na projekta katika chumba cha mihadhara. Mhadhiri anataka kugeuza kurasa za maonyesho yake akiwa mbali na meza. Anayo rimoti ndogo yenye vitufe 21, ya aina inayouzwa pamoja na vifaa vya kujifunzia elektroniki, na kipokezi cha miguu mitatu kama TSOP4838. Mguu mmoja wa kipokezi huenda kwenye umeme wa volti 3.3, wa pili kwenye hasi, na wa tatu, unaotoa ishara, kwenye pini ya GPIO 18. Katika faili la config.txt huongezwa mstari mmoja:

dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18

Baada ya kompyuta kuwashwa upya, programu ya ir-keytable husakinishwa na kuitwa bila nyongeza yoyote. Hujibu kwa kutaja kipokezi ilichokiona, kwa kawaida kwa jina rc0, pamoja na itifaki ambazo kipokezi hicho kinaweza kuzifuata na zile zilizoruhusiwa kwa wakati huo. Orodha hizo mbili zinapaswa kusomwa kwa makini. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haisikilizi itifaki zote. Kwa kawaida huziruhusu zile zinazohitajiwa na jedwali lililokwisha kupakiwa. Rimoti inayotuma NEC kwa kipokezi kilichoamriwa kusikiliza itifaki nyingine ni sawa na mtu anayezungumza lugha isiyojulikana na mwenzake. Hivyo huandikwa:

sudo ir-keytable -p nec -t

Herufi -p huchagua itifaki, na -t huiweka programu katika hali ya majaribio. Asiyeijua itifaki ya rimoti yake anaweza kuandika all mahali pa nec. Vibonyezo vikianza kubonyezwa, kila kimoja huonyeshwa kwa namba. Katika rimoti ya mfano huu, kitufe kilichoandikwa CH- hutoa 0x45, CH+ hutoa 0x47, na kile cha kuongezea sauti hutoa 0x15. Namba hizi ni za mfumo wa kumi na sita, na 0x hutangulizwa kuonyesha hivyo.

Hapa inafaa kutaja tofauti ambayo imewasumbua wengi. LIRC, mfumo uliotumika kabla ya usimamizi wa rimoti kuingizwa rasmi ndani ya keneli toleo la 2.6.36 mwaka 2010, na ambao bado upo, una programu ya irrecord inayomfundisha mtumiaji kurekodi vitufe vyake kimoja kimoja. Kitufe kilekile cha CH- kinaweza kusomwa kwa njia hiyo kama 0x00FFA25D. Mtu akilinganisha 0x45 na A2 atadhani kwamba moja kati ya programu hizo imekosea. Haikukosea hata moja. NEC hutanguliza biti ndogo; usomaji mmoja umeziandika biti kama zilivyofika, na mwingine umezigeuza. A2 kwa biti ni 10100010, na ikisomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo huwa 01000101, yaani 45. Nayo 5D inayofuata A2 ni kile kinyume cha uthibitisho kilichotajwa: A2 na 5D zikijumlishwa hutoa FF, biti nane zote zikiwa 1. Ishara ni moja, maandishi ni mawili.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha mhadhara huu. Mtumiaji hufungua faili, huipa jedwali jina, hutaja itifaki yake, kisha huandika mistari ya aina hii:

0x45 = "KEY_PAGEUP"
0x47 = "KEY_PAGEDOWN"
0x15 = "KEY_VOLUMEUP"
0x07 = "KEY_VOLUMEDOWN"

Jedwali hilo huwekwa kazini kwa amri:

sudo ir-keytable -c -w darasa.toml

Herufi -c hufuta jedwali la zamani, na -w huandika jipya. Tangu hapo keneli huichukulia rimoti kama kibodi: CH+ ikibonyezwa, ukurasa husogea mbele. Mpango huo hupotea kompyuta izimwapo, isipokuwa faili liwekwe katika saraka ya /etc/rc_keymaps na kutajwa katika /etc/rc_maps.cfg.

Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba uhusiano kati ya kiashiria na kiashiriwa ni wa unasibu. Wanafunzi hulikariri fundisho hilo kwa mfano wa neno mti. Jedwali la rimoti linaliweka fundisho hilo mkononi mwao. Hakuna chochote ndani ya 0x47 kinachofanana na kusogea mbele. Maandishi ya CH+ juu ya plastiki yaliwekwa na kiwanda kilichokuwa na mashine nyingine akilini. Maana imeingia pale ambapo mtu mmoja ameandika mstari mmoja, na inaweza kubadilishwa kwa kuandika mwingine.

Herufi -p, -t, -c na -w nazo zina funzo lake. Kila moja ni kama mofimu tegemezi: haisimami peke yake, na maana yake hutegemea programu inayoitangulia. Anayejua kwamba -c hufuta katika ir-keytable hana haki ya kudhani kwamba hufuta katika programu nyingine. Msemaji wa Kiswahili hawezi kushangazwa na jambo hilo, kwani ki katika anakisoma ni yambwa, na ki katika akisoma ni sharti.

4.0 Mnyororo unapokatika

Thamani ya kutenganisha ishara na jina hudhihirika zaidi pale mambo yanapoharibika. Tuseme kwamba kitufe cha katikati cha rimoti kimepewa jina la KEY_OK, ambalo linaonekana kufaa kabisa. Hali ya majaribio inaonyesha kwamba ishara imefika na jina limetambuliwa. Hata hivyo, programu iliyofunguliwa katika mfumo wa madirisha wa X haifanyi lolote. Asiyeelewa mnyororo ataitupa rimoti, atanunua kipokezi kingine, au atasakinisha mfumo wote upya.

Sababu yenyewe ni ya kihesabu. Ndani ya Linux kila jina la kitufe lina namba, na ya KEY_OK ni 352. Mfumo wa X haupokei namba inayozidi 255, nao huiongezea namba ya keneli 8 kabla ya kuitumia. Kwa hiyo kitufe chochote kilicho juu ya 247 huishia njiani. KEY_ENTER ni namba 28. Mstari mmoja ukibadilishwa, kitufe kilekile na ishara ileile hufanya kazi.

Ufumbuzi huo hauhitaji kipaji. Unahitaji maswali yaliyopangwa, na maswali hayo huulizika kwa Kiswahili cha kawaida. Je, mwale unatoka? Kamera ya simu hujibu. Je, mwale unapokewa? Programu ya ir-ctl, ikipewa herufi -r, huonyesha urefu wa kila mwanga na kila kimya kwa mikrosekunde, na msomaji huweza kuiona kwa macho ile 9000 na 4500 ya NEC, au tarakimu zilizo karibu nazo. Je, itifaki inatambulika? Je, namba ina jina katika jedwali? Hayo hujibiwa na ir-keytable -t. Je, jina linafika kwenye programu? Hapo ndipo KEY_OK ilipokwama. Maswali ni matano, na kila moja lina mahali pake. Aliyefunzwa amri bila maswali hayo amepewa funguo bila kuonyeshwa milango.

5.0 Neno

Sasa swali la istilahi linaweza kuulizwa vizuri zaidi. Katika maelezo yaliyotangulia, ni vitu gani vilihitaji Kiswahili? Namba 0x45 haikukihitaji. Jina KEY_PAGEDOWN halikukihitaji pia, wala jina la programu ir-keytable. Majina hayo yako katika hadhi ya majina ya pekee: hutamkwa, hunukuliwa na hutungiwa sentensi, lakini hayatafsiriwi, kwa kuwa yakibadilishwa herufi moja mashine hushindwa kuyatambua. Kiswahili kilihitajika katika kila kitu kilichobaki, yaani kueleza kinachotokea, kwa nini kinatokea, na nini kifanywe kisipotokea.

Kiswahili kina nyenzo za kazi hiyo, na baadhi zimo katika sarufi kabla ya kamati yoyote kukaa. Watu husema kitufe cha kuwashia, kitufe cha kuongezea sauti, kitufe cha kugeuzia kurasa. Kauli ya kutendea imegeuza vitenzi kuwa maelezo ya zana, kama ilivyofanya zamani katika kisu cha kukatia nyama na jiwe la kunolea. Hata pale KEY_POWER inapowasha na kuzima kwa kitufe hichohicho, msemaji hapotei. Hukiita cha kuwashia, na hukitumia kuzimia.

Pale neno jipya lilipohitajika, historia ya karibuni inaonyesha kwamba linaweza kukubalika. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba yenye televisheni ilihitaji kifaa cha kuzifasiri ishara za dijitali. Neno king'amuzi, kutokana na kitenzi ng'amua, lilienea madukani na majumbani, huku kisimbuzi nalo likitumika. Watu walilipokea kwa kuwa lilikuja pamoja na kifaa, maelezo na haja. Linafanana na kazi inayofanyika: kung'amua ni kutambua kilichofichika.

Juhudi za awali za kompyuta nazo zinafaa kukumbukwa kwa heshima. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba menyu na vidirisha vinaweza kusomeka kwa lugha hii. Lakini menyu ni ngazi ya juu tu. Mtu anaweza kubofya neno la Kiswahili kwa miaka mingi bila kuelezwa kwa Kiswahili kinachofuata baada ya kubofya. Mstari wa amri hauna menyu ya kutafsiri. Kwa hiyo humlazimisha mwandishi wa Kiswahili kufanya kazi iliyoachwa nyuma, kazi ya kueleza.

Kwa mtazamo huu, ubishi kati ya rimoti na kitenzambali si wa kwanza kwa umuhimu. Yote mawili yanaeleweka, na BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na vyombo vingine vya lugha, vinaweza kuendelea kuyapima. Lililo la kwanza ni kuwapo kwa maandishi ambamo neno lolote kati ya hayo litakutana na itifaki, kipokezi, jedwali na kimya cha milisekunde 1.69, na msomaji akatoka akiwa ameelewa. Istilahi huzoeleka ndani ya maelezo. Orodha ya istilahi isiyo na maelezo ni jedwali la majina ambalo bado halijaunganishwa na ishara yoyote.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kuiongoza kompyuta kwa rimoti kupitia mstari wa amri kunapita katika ngazi tatu: ishara isiyo na maana yenyewe, jina linalopewa ishara hiyo katika jedwali, na neno ambalo jamii hulitumia kuelezea kazi yenyewe. Ngazi ya kwanza ni ya fizikia. Ya pili ni ya makubaliano ya waandishi wa programu. Ya tatu ni ya wasemaji wa lugha, na hakuna kiwanda wala mwandishi wa programu atakayewafanyia.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kukutana na sayansi kwa Kiingereza. Katika mabadiliko hayo hujifunza, bila kuambiwa, kwamba lugha ya nyumbani huishia pale mambo yanapokuwa ya ndani. Faili lenye mistari minne, rimoti ya vitufe 21 na kipokezi cha miguu mitatu vinatosha kulijaribu dai hilo darasani. Idara za Kiswahili na za kompyuta zinaweza kulifanya zoezi hilo kwa pamoja: wa kompyuta walete kipokezi, wa Kiswahili waandike mwongozo, kisha mwongozo upewe mwanafunzi asiyewahi kuiona amri hata moja. Akifaulu kugeuza ukurasa, na akaweza kueleza kwa nini KEY_OK ilikwama njiani, mwongozo utakuwa umefaulu. Akishindwa, atakuwa ameonyesha ni sentensi ipi ya mwongozo inayopaswa kuandikwa upya.